Kiswahili kisiwe mgeni wa saa ya mwisho katika matangazo

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huwatunuku shahada vijana waliosomea isimu na fasihi ya Kiswahili. Wengi wao huelekezwa kwenye ualimu, na wanaokosa nafasi madarasani huambiwa kwamba elimu yao haina soko. Ipo hata hivyo kazi moja inayowahitaji mno, ingawa haizungumzwi vya kutosha shuleni. Hiyo ni kazi ya kuandika matangazo ya biashara, hasa katika zile kampuni ndogo za jijini Nairobi zenye wafanyakazi wasiozidi kumi.

Ni vyema mwanafunzi aijue kazi hiyo jinsi ilivyo, asije akavutiwa na jina lake tu. Katika kampuni kubwa kila mtu ana idara yake: huyu huonana na wateja, yule hununua nafasi magazetini na redioni, mwingine huchora na mwingine huandika. Katika kampuni ndogo majukumu hayo yote hubebwa na watu wanne au watano. Aliyeajiriwa kutunga maneno atajikuta asubuhi akimpigia mteja simu, adhuhuri akisahihisha kipeperushi, alasiri akiwa studioni akimwelekeza msomaji wa tangazo la sekunde 30, na jioni akijibu maswali ya wanunuzi katika mitandao ya kijamii. Kwa kijana mwenye bidii, hiyo ni shule nzuri, kwani huiona biashara nzima katika muda mfupi.

Lakini shule hiyo ina karo yake. Kampuni hizi huishi kwa zabuni. Hubuni kampeni kamili, pamoja na picha na maneno yake, kwa matumaini kwamba mteja atawapa kazi. Mteja akimchagua mwingine, jasho la wiki kadhaa halilipwi. Hata kazi ikipatikana, ankara yaweza kukaa siku 60 au 90 kabla ya kulipwa, ilhali kodi ya ofisi na mishahara havingoji. Wanaoumia kwanza ni wanagenzi, ambao aghalabu hupewa nauli na ahadi. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi, na mwajiri anayetarajia lugha safi kutoka kwa mtu asiyemlipa anajidanganya.

Taabu hizo humpata kila mwajiriwa wa kampuni changa. Ipo nyingine inayomhusu msomi wa Kiswahili peke yake, nayo ni mahali anapowekwa katika mfululizo wa kazi. Wanafunzi wetu wanaorejea kutoka mafunzo ya nyanjani hutusimulia mambo yanayofanana. Mteja hutoa maelezo yake kwa Kiingereza. Wazo hubuniwa kwa Kiingereza, mchoraji huisanifu picha na kuacha nafasi ya maneno, kisha mteja huidhinisha yote. Hapo, saa chache kabla ya makataa, ndipo kijana wa Kiswahili huitwa na kukabidhiwa mstari mmoja autafsiri. Mara nyingi hata picha haonyeshwi.

Athari za utaratibu huo ni za kiisimu, na mwalimu yeyote anaweza kuzieleza darasani. Tuchukue lile tangazo la kawaida linaloahidi kwamba ukinunua moja utapewa la pili bila malipo. Katika Kiingereza, namba hiyo haibadiliki kwa bidhaa yoyote ile. Katika Kiswahili, sabuni ni moja, mkate ni mmoja na kikombe ni kimoja. Mtafsiri asiyejua bidhaa hawezi kuuchagua upatanisho. Akibahatisha, kosa lake litatundikwa barabarani, watoto wa shule walisome kila asubuhi.

Lipo pia neno 'bure'. Lina maana ya kutolipia, lakini lina maana vilevile ya kutofaa, kama tunaposema kwamba mtu amejisumbua bure. Tangazo lisemalo 'dawa bure' laweza kumtia mgonjwa mashaka. Likisema 'dawa bila malipo' utata umekwisha. Tofauti hiyo haimo katika kamusi ya Kiingereza, na anayeanza kufikiri kwa Kiingereza hataiona.

Hata umbo la maneno lina haki zake. 'Tutawaletea' ni neno moja lililobeba nafsi, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Kiingereza huitawanya maana hiyo katika maneno mafupi kadhaa, ambayo mchoraji huyapanga katika mistari apendavyo. Neno letu refu haligawiki ila penye mpaka wa silabi. Mchoraji aliyeipima nafasi kwa Kiingereza hulazimika kuzipunguza herufi hadi zisisomeke, au kuiachia kompyuta iikate 'nyumba' baada ya 'nyum', wakati silabi zake ni 'nyu' na 'mba'.

Kasoro zote hizo zinatokana na mpangilio wa kazi, na dawa yake imejulikana kwa miaka mingi katika biashara hiyo hiyo. Katika kampuni ya Doyle Dane Bernbach, iliyoanzishwa New York mwaka wa 1949, William Bernbach aliwaketisha mwandishi na mchoraji pamoja tangu mwanzo, walizae wazo kwa ushirikiano. Kutokana na ubia wa namna hiyo yalitokea matangazo ya magari ya Volkswagen ya kuanzia mwaka wa 1959, ambayo hadi leo hufundishwa kama vielelezo. Kampuni zetu ndogo hazina kisingizio cha kutoiga mfano huo, maadamu mwandishi na mchoraji wao huketi katika chumba kimoja.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakiuzi. Na waitazame biashara ya simu. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007 wala haikuhitaji jina la kigeni. Mwaka huo wa 2007 neno 'pesa' lilimtosha mchuuzi na meneja wa benki. Mwaka wa 2012 ikaja M-Shwari, iliyokopa taswira ya bahari iliyotulia. Mwaka wa 2019 ikaja Fuliza, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutenda mfululizo bila kukoma. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalosikika kama tafsiri, na mamilioni ya Wakenya huyatamka kila siku bila kufikiri.

Hapa ndipo suala linapovuka mipaka ya ajira. Katika matangazo mengi ya mikopo, utamu wote huwa katika Kiswahili, lakini riba, faini na muda wa kulipa huachwa katika Kiingereza cha herufi ndogo. Redioni tunasikia tu kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa, kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, na kinaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mtu aliyevutiwa kwa lugha moja na kufungwa kwa nyingine hajatendewa haki. Anayeweza kulizuia jambo hilo mapema ni yule mwandishi kijana, iwapo ataitwa mezani kwa wakati na sauti yake isikilizwe.

Sisi walimu nasi tuna sehemu yetu ya lawama. Isimujamii hutengewa alama 10 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, nasi huwafunza wanafunzi kuorodhesha sifa za sajili ya biashara: chuku, takriri, sentensi fupi, msamiati wa kushawishi. Mwanafunzi huzikariri, akazitaja, akapata alama zake, wala asiwahi kuandika tangazo hata moja. Na tumpe sabuni halisi, mnunuzi halisi na maneno yasiyozidi kumi, kisha tumtake aeleze kwa nini alichagua kila neno. Tumpe pia ukurasa wa masharti ya mkopo auandike upya kwa Kiswahili ambacho nyanya yake kijijini atakielewa. Zoezi la pili ni gumu kuliko la kwanza, na manufaa yake ni makubwa zaidi.

Wenye kampuni nao wana la kutenda, wala halina gharama kubwa. Wamwite mwandishi wa Kiswahili siku mteja anapoleta maelezo. Wamwonyeshe bidhaa na picha. Utunzi wake uwekwe katika ankara kama utunzi, kwa bei yake, usihesabiwe kuwa nyongeza ya dakika tano. Na meneja wa mteja anapotaka kubadilisha neno kwa sababu tu naye amezaliwa akisema Kiswahili, wamtetee mwandishi wao kama wanavyomtetea mhasibu anapobishiwa hesabu zake.

Kwa wanafunzi wetu nasema hivi: msiikimbie kazi hii kwa sababu ofisi ni ndogo na malipo huchelewa. Ulizeni mapema mtalipwa nini na lini, na yaandikwe. Mkishaingia, dai lenu la kwanza liwe kuiona picha kabla ya kuandika neno. Mkilishikilia dai hilo dogo, mtakuwa mmekitetea Kiswahili kuliko hotuba nyingi tunazozitoa sisi wazee wenu makongamanoni.