Si Kila Mtoto Mkimya Ana Pepo

Leo nasema nawe, mzazi uliyeokoka.

Jumapili unanena kwa lugha. Jumatatu ulimi huo huo unamwita mtoto "mjinga", "mzigo", "hasara kama babako". Kisha unajitetea kwamba hujampiga. Mpendwa, umemuumiza! Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga na dhuluma ya kisaikolojia pia, na Waefeso 6:4 ilikukataza zamani kumchokoza mwanao. Usinitajie fimbo ya Mithali. Matusi si adhabu.

Mtoto ameanza tena kukojoa kitandani. Anashtuka ukiingia. Haongei, na alama shuleni zimeshuka. Unamleta madhabahuni tumkemee pepo. Tuulize kwanza: nani anamkemea kila siku nyumbani? Nasi wachungaji tutubu, kwa maana tumewawekea watoto mikono bila kuwauliza neno.

Leo jioni keti naye. Mwombe msamaha bila kuongeza "lakini". Akisema, msikilize hadi amalize. Na ukijua mtoto wa jirani anadhalilishwa, usiseme ni mambo ya nyumba ya wenyewe. Piga 116, ni bure.

Zaburi 141:3 iwe ombi lako wiki hii. Amina.