Mbao za Kale, Reli Mpya

Wako wanaodhani kwamba kitu kikongwe kikishatiwa chuma kimepona. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni Texas Giant, gari la mchezo lililoko katika bustani ya Six Flags Over Texas, mjini Arlington, Marekani.

Gari hilo hupandishwa juu ya jengo refu la mbao, kisha likaporomoka na abiria wake wakipiga mayowe ya furaha. Lilianza mwaka 1990. Miaka ikapita, mbao zikachakaa, safari ikawa ya kutikisa mifupa. Likafungwa mwaka 2009. Mafundi wa Rocky Mountain Construction wakaziacha nguzo za mbao, wakang'oa njia ya zamani na kutandika reli ya chuma. Mwaka 2011 likafunguliwa upya, mteremko wake nyuzi 79, karibu wima, na mwendo wake maili 65 kwa saa.

Ufundi huo ulisifiwa, na bustani nyingine zikauiga. Lakini Julai 2013 mwanamke mmoja alichomoka kitini, akaanguka, akafa. Reli haikukatika wala nguzo haikuvunjika. Gari liliporudi kazini Septemba, viti vilikuwa vimeongezwa mikanda.

Hapo ndipo penye somo. Anayeongeza ukali wa mteremko na aongeze ulinzi wa mwanadamu siku iyo hiyo, asingoje msiba. Wahenga walituusia: tahadhari kabla ya athari. Nasi tunaopandisha watoto pembea za Idi, tutazame kwanza mkanda, ndipo tusifu rangi.