Takasia si Uchawi, Iandikeni!

Leo naomba niseme, na atakayekasirika akasirike, kahawa tutakunywa pamoja.

Kijana kakaa barazani Mji Mkongwe, mbele yake bao la Kiswahili: safu 4, mashimo 8 kila safu, kete 64. Kila mmoja kaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kijana kanamua vizuri, nyumba yake kailinda, kete za mkononi zimekwisha, sasa ni mtaji. Mambo bado poa. Mara mzee anatakata kidogo, anapiga funda la kahawa, kimya. Kijana anaona shimo lake moja linakwenda kuliwa. Anatia mkono azikimbize kete.

"Ebo! Hapo pametakasiwa, huchezi!"

Baraza zima kicheko. Nani kasema? Ndiyo sheria. Iko wapi? Tumeikuta.

Yakhe, sheria yenyewe mie siigombi. Nimepigwa mpaka nimeijua, nayo hii hapa. Katika mtaji, mpinzani akitakata, nawe ukawa huna cha kula, naye akawa anatishia shimo lako moja tu, basi huruhusiwi kuanzia shimo hilo. Isipokuwa liwe nyumba ambayo bado ni nyumba, au liwe ndilo pekee lenye kete safu ya mbele, au ndilo pekee safu hiyo lenye kete 2 au zaidi. Basi, imekwisha! Na ina akili. Bila takasia kila anayetishwa angekimbia, na vita visingekwisha mpaka adhana ya alfajiri. Aliyetakata kwa hesabu kafanya kazi, naye alipwe.

Kinachoudhi ni kuijua sheria siku ileile unayopigwa nayo. Sheria inayotolewa mfukoni mkono wa mtu ukiwa tayari shimoni si sheria, ni mtego. Na mtego huo haumdhuru mzee, unaua bao la mjukuu wake. Achekwe mara tatu, ya nne humwoni tena, yuko na simu yake.

Huko Marekani upo mchezo wa kubuni wa mashujaa na mazimwi, Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974. Nao wana kilio kama chetu: shujaa wako akigandishwa kwa uchawi, zamu yako inapita umekaa unatazama wenzako wakipigana. Lakini wao hugombana kitabu kiko mezani. Ukurasa unafunguliwa, bingwa na mgeni wanasoma mstari mmoja.

Sisi je? Mholanzi Alex de Voogt alikuja kukaa na mabingwa wetu wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya ubingwa wa bao. Kwa Kiingereza! Sasa mjukuu wa bingwa apitie lugha ya mgeni ndio ajue mchezo wa babu yake?

Nasi tunaojiita waandishi, kalamu zetu zimeganda kwenye mapenzi na mbalamwezi. Tuandike ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili chetu, wazee wausahihishe, ubandikwe kila baraza penye bao. Hapo mzee anitakasie hata mara 10. Nitanyanyuka nikijua nimeshindwa na akili yake, si na siri yake.