Wese likipanda, msinuniane ndani

Leo tunaongelea kitu ambacho ukikitaja haraka hakifanani kabisa na mambo ya mapenzi, lakini kinavuruga nyumba za watu kimyakimya. Naongelea bei ya mafuta. Siyo ya kupikia, haya ya kwenye gari.

Najua yupo atakayesema, "Mimi sina gari, hayanihusu." Subiri kwanza. Wewe usiye na gari ndiye unayeumia zaidi, na pengine wewe ndiye unayesingiziwa nyumbani kwamba hujui kutunza hela.

Ngoja nikupe mfano wa watu ninaowafahamu. Wameniruhusu niwaandike, mradi nisiwataje majina.

Mwezi wa nane mwaka 2022 nilikwenda kwenye harusi Msangano, wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Kwa asiyepafahamu, ukifika Tunduma pale mpakani na Zambia unaiacha ile barabara kuu ya malori, unateremka upande wa bonde la Rukwa. Ni kwa wakulima wa mahindi, ufuta, alizeti na mpunga. Nilifikia kwa dada mmoja ambaye ni mwalimu. Mumewe anafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma. Mama na watoto wawili wako Msangano, baba kapanga chumba mjini, wanaonana wikiendi. Ndoa za namna hii siku hizi ni nyingi, ajira imetugawa.

Nikakuta wamenuniana. Siyo ugomvi wa kurushiana maneno, hapana. Ni ule wa "chakula kipo mezani" halafu mtu anageukia pembeni.

Jikoni dada akanimwagia yake. "Shemeji yako nadhani ana nyumba ndogo. Zamani kila Ijumaa jioni watoto wanasikia honi wanakimbilia nje. Siku hizi anakuja mara mbili kwa mwezi, ukimuuliza anasema kazi nyingi. Na hela ya matumizi ni ile ile, haijaongezeka hata mia."

Jioni, shemeji naye akanivuta pembeni. "Shemeji, mimi simwelewi mwenzangu. Namwachia laki na nusu kama siku zote, maana mshahara wake unalipa mkopo wa kiwanja. Zamani hiyo laki na nusu ilifika mwisho wa mwezi. Sasa tarehe kumi na nane napigiwa simu imekwisha. Hela inakwenda wapi? Isije ikawa anatuma kwao huku mimi naumia."

Umeona? Mmoja anawaza nyumba ndogo, mwingine anawaza wizi. Na hakuna aliyetaja mafuta.

Kesho yake nikawaomba tukae chini na daftari la mwalimu. Sikuwa na ujanja wowote, nilichotaka ni kila mtu aseme anatumia nini na wapi.

Tuliposhika daftari

Tukaanza na baba. Kigari chake, kwenda, kurudi na mizunguko ya wikiendi, kilikuwa kinakunywa lita 12. Wikiendi nne ni lita 48. Aprili 2022 bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA kwa Dar es Salaam ilikuwa Shilingi 2,861 kwa lita. Mei ikawa 3,148. Agosti ikawa 3,410. Hapo ni Dar, mafuta hayajasafirishwa. Kutoka bandarini mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na gharama ya njiani inaingizwa kwenye bei. Lakini tukasema basi, tupige kwa bei hiyo hiyo ya Dar.

Lita 48 kwa bei ya Aprili ni Shilingi 137,328. Kwa bei ya Agosti ni 163,680. Yaani wese la kuja kuwaona mke na watoto lilikuwa limeshapita hela ya kuwalisha! Ndiyo maana alikuwa haji. Dada akamuuliza mbona hakusema. Shemeji akainama. "Mwanaume mzima nikupigie simu nikwambie siji kwa sababu sina hela ya mafuta?"

Aibu tu, mpenzi msomaji. Mwenzake alikuwa halali usiku kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo.

Tukaja upande wa mama. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hatulioni. Baba anajaza petroli, kwa hiyo anafuatilia bei ya petroli. Kapu la mama haliendeshwi na petroli, linaendeshwa na dizeli. Fuso linaloleta sukari na sabuni kutoka Tunduma linatumia dizeli. Basi la abiria ni dizeli. Trekta la kulimia ni dizeli, na mashine ya kusaga mahindi pale ambapo hakuna umeme ni dizeli vilevile.

Sasa angalia. Kati ya Aprili na Mei 2022 petroli Dar ilipanda Shilingi 287 kwa lita, kama asilimia 10. Dizeli mwezi huo huo ilitoka 2,692 ikaenda 3,258. Hiyo ni Shilingi 566 kwa lita, asilimia 21! Baba alipokuwa analalamika kwamba tangi limeongezeka bei, gharama ya kulifikisha kapu la mama nyumbani ilikuwa inapanda kwa kasi mara mbili ya tangi lake. Tofauti ni kwamba baba akijaza mafuta anapewa risiti. Mama hana risiti inayosema "hii mia ni ya dizeli." Anaambiwa tu na muuza duka kwamba vitu vimepanda, na akirudi nyumbani anaonekana mfujaji.

Nisitie chumvi, siyo kila kitu kilipanda kwa ajili ya dizeli. Mafuta ya kula na ngano mwaka ule vilikuwa na balaa lao, vita ya Urusi na Ukraine ilikuwa imeanza Februari na dunia nzima ilishikwa. Mafuta ya magari sisi tunaagiza yote kutoka nje, kwa hiyo likitokea jambo huko mbali linatufikia mpaka kwenye debe la mahindi. Serikali ilitoa ruzuku ya Shilingi bilioni 100 kuanzia Juni 2022, na bado Agosti bei ikafika hapo nilipokutajia. Ng'ambo ya pili pale Nakonde nako kusingekuwa na nafuu ya kutegemea, Zambia ilishaondoa ruzuku yake ya mafuta Desemba 2021.

Sasa nieleze, katika hali hiyo, laki na nusu ya mwaka juzi inawezaje kuwa laki na nusu ile ile?

Tangi linaongezwa, kapu linasahaulika

Hili ndilo ninalotaka ulibebe mwezi huu. Mafuta yakipanda, mwenye chombo cha moto anajirekebisha siku hiyo hiyo. Anaongeza hela, au anapunguza safari. Hamuulizi mtu. Lakini hela ya matumizi inabaki pale pale miezi sita, mwaka, kana kwamba sokoni wanauza kwa bei ya zamani. Kisha anayekwenda sokoni anaanza kujieleza kama mshitakiwa. Akichoka kujieleza anaanza kukopa dukani kwa siri, na deni la siri likigundulika ndipo ndoa inapopata ufa wa kweli.

Na usidhani ni wanaume tu. Ninao mashoga zangu wenye magari ambao wanamwachia mdogo wao au dada wa kazi elfu tano ya mboga tangu mwaka juzi, na jioni wanashangaa kwa nini mchuzi umekuwa mwepesi.

Wale wa Msangano walifanya hivi. Baba aligundua kuna wenzake wawili pale Tunduma ambao nao familia zao ziko njia hiyo hiyo. Wakakubaliana kwenda pamoja na kugawana wese mara tatu. Ile 163,680 kwa mwezi ikashuka kwake mpaka 54,560. Akabakiwa na zaidi ya laki moja, akaongeza elfu hamsini kwenye hela ya matumizi. Ijumaa honi ikarudi. Mama naye akaacha kutuma mtoto kusaga kidogo kidogo, wakawa wanaungana majirani watatu, magunia yanakwenda safari moja.

Hawakupata nyongeza ya mshahara. Walichopata ni kuacha kufichana.

Na ninyi mfanyeje?

Kwanza, wekeni Jumatano yenu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ukipiga *152*00# kwenye simu unapata bei ya eneo lako. Fanyeni siku hiyo iwe ya kukaa dakika kumi na daftari, watu wawili, televisheni imezimwa. Andikeni tangi au nauli upande mmoja, kapu upande wa pili. Angalieni petroli na dizeli pia. Kikipanda kimoja, mnajua mapema nani ataumia.

Pili, kila mnapoongeza hela ya tangi, jadilini na hela ya kapu. Siyo lazima iongezeke kila mwezi, hali zetu tunazijua. Lakini mwenzako akisikia, "Mama, najua vitu vimepanda, mwezi huu sina cha kuongeza, tupunguze nini?" hatajisikia kama mwizi. Mtapunguza pamoja.

Tatu, hii ni ya wachumba na mnaoanza. Kaka, kama huwezi kumfuata kazini kila jioni kama mwanzo, sema. Usizime simu, usijifanye una kikao. Na wewe dada, usipime mapenzi kwa kilomita. Anayekuja kwa daladala akiwa na hela ya kodi mfukoni ana maana kuliko anayekuja na gari la kuazima tangi likiwa kwenye taa nyekundu. Siku moja moja mwambie, "Leo nakuja mimi." Au changia wese, hakuna sheria inayokataza.

Nne, bei ikishuka msifurahi mkasahau. Nauli zikishapanda hazirudi chini kirahisi. LATRA iliruhusu nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka Shilingi 400 kwenda 500 Mei 2022, na Desemba 2023 ikawa 600. Kwa hiyo mwezi ambao tangi limepata nafuu, ile chenji isiende baa moja kwa moja. Anayepanda daladala hajapata nafuu yoyote.

Tano, na hili nasisitiza. Msiweke petroli ndani kwa sababu mmesikia mwezi ujao itapanda. Vijijini wengi wamezoea ile ya kwenye chupa za maji na madumu, wengine dumu linalala uvunguni mwa kitanda cha watoto. Tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipoanguka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Mvuke wa petroli hausubiri umwage, unatafuta kibiriti tu. Elfu mbili utakayookoa haifanani na unachoweza kupoteza. Nunua kituoni na udai risiti, ni haki yako.

Nimalizie kwa kukupa kazi ndogo, mpenzi msomaji. Leo mkimaliza kula muulize mwenzako, "Hela ninayokuachia, mara ya mwisho niliiongeza lini?" Kama ni wewe unayeachiwa, muulize, "Safari zako siku hizi zinakugharimu kiasi gani?" Uliza kwa upole, usiulize kama polisi. Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutaongelea ndugu wa mume wanaokuja likizo na kusahau kuondoka. Mpaka wakati huo, pendaneni na mhesabu pamoja.