JIWE LA MKONONI SI DARI YA SHIMO



Liko neno linalosemwa sana Tabaka, nalo husemwa zaidi na watu wasioingia shimoni. Wasema: jiwe la sabuni ni laini, hata mtoto hulikwaruza, basi hatari iko wapi? Ukipanda upande wa Manga, kule Nyamira, utasikia neno la pili, kinyume cha la kwanza: jiwe la huku ni gumu, halianguki. Maneno yote mawili ni uwongo, na yote mawili humfaa mtu mmoja tu, yaani tajiri asiyetaka kununua nguzo.

Tuanze na huo ulaini. Wahandisi wa mahandaki duniani wana kipimo cha kukisia nguvu ya mwamba papo hapo kazini, kabla ya mashine yoyote kuletwa. Vyombo vyake ni ukucha wa kidole gumba, kisu cha mfukoni na nyundo ya mkono. Madaraja yake ni saba, tangu sifuri hata sita. Mwamba unaoingia alama ya ukucha ni wa daraja la sifuri: nguvu yake haizidi megapaskali 1, yaani kama uzito wa kilo 10 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Ukimenyeka kwa kisu na kuvunjika kwa ncha ya nyundo, ni daraja la kwanza, megapaskali 1 mpaka 5. Kisu kikiumenya kwa taabu, ni la pili, hata 25. Kisu kikishindwa lakini pigo moja zito la nyundo likaupasua, ni la tatu, hata 50. Kutoka hapo ni hesabu ya mapigo tu: zaidi ya moja, hata 100, mengi, hata 250, na ukipiga ukaambulia vibanzi, umefika la sita.

Sasa twauliza: nani kati yetu hayajui haya? Mtu anayekata jiwe kwa msumeno tangu asubuhi hadi jioni anajua lipi lamenyeka na lipi lakataa. Tofauti ni moja. Mhandisi huyaandika, na yakishaandikwa yana nguvu mbele ya tajiri na mbele ya sheria. Yetu hubaki mkononi, na siku shimo likiporomoka huambiwa ilikuwa bahati mbaya.

Tena jiwe la mkononi si dari. Kila mchongaji wa Tabaka anajua kwamba jiwe lililolowa hukubali kisu upesi kuliko jiwe kavu. Vema. Kisii hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na masika huanza Machi. Jiwe lile lile tunalolisifu kwa kukubali kisu ndilo lililo juu ya vichwa vyetu mwezi wa Aprili, limekunywa maji, na juu yake umelala udongo mwekundu uliokunywa zaidi. Jiwe lililopimwa Januari likiwa kavu halitoi ushahidi wa Aprili. Lipimwe tena.

Na Manga je? Jiwe la kule ni kwataiti, gumu kweli. Akina mama wanaoponda kokoto wanaweza kuwaeleza habari za mapigo mengi. Lakini mwamba mgumu huanguka kwa nyufa zake. Pande lenye nguvu ya megapaskali 150, likiwa limekatwa na nyufa tatu, litateleza zima bila kuvunjika, nawe utakuwa chini yake. Kwa hiyo nyundo haipigi tu kuona kama jiwe litavunjika. Hupiga ili sikio lisikie. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali. Mwamba ulioachana na mwenzake hulia bubu, kama chungu chenye ufa. Mama yeyote sokoni hugonga chungu kabla ya kukilipia. Sisi twaingia chini ya mlima bila kugonga.

Wengine watasema haya ni mambo ya miradi mikubwa. Ni kweli kwamba si mbali na Nyamira, kwenye mto Sondu, lilichimbwa handaki la zaidi ya kilomita 6 kwa ajili ya umeme wa Sondu-Miriu, uliofunguliwa mwaka 2008. Kazi ya namna hiyo haianzi mpaka mwamba utobolewe, upimwe na kuandikwa. Je, mwamba huwauliza watu kama mradi ni mkubwa au mdogo kabla haujaanguka? Tangu mwaka 1951 Serikali ina ripoti ya jiolojia ya wilaya ya Kisii, iliyoandikwa na A. Huddleston. Miaka zaidi ya 70 mawe yetu yamo katika vitabu, nasi bado twakisia kwa mtaimbo.

Tusifichane, ndugu: kizuizi hasa ni malipo. Kibarua hulipwa kwa mawe aliyoyatoa. Dakika anazogonga dari hazilipwi, wala dakika anazosimamisha nguzo. Ndiyo maana hata mjuzi huingia haraka. Tajiri haamuru mtu ahatarishe roho yake. Hupanga malipo tu, na njaa humaliza kazi iliyobaki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuandikwa hivyo. Mfanyakazi akitoa habari ya hatari kubwa, hawezi kulazimishwa kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake.

Basi twadai hivi. Nusu saa ya kupima kila asubuhi ilipwe kama saa ya kazi. Wapime watu wawili, kila mmoja peke yake, maana huku ni kukisia na mkono wa mtu hutofautiana. Wakipishana, lishikwe daraja la chini. Daraja, nyufa na maji viandikwe katika daftari linalokaa chimboni, wala si nyumbani kwa tajiri. Nguzo zinunuliwe na mwenye chimbo. Baada ya mvua kubwa asiingie mtu mpaka pagongwe upya.

Kila mjumbe apeleke madai haya kwa mwenye chimbo lake, na alete ofisini jibu lililoandikwa na kutiwa sahihi. Atakayejibiwa kwa mdomo tu aandike maneno yale mwenyewe, na tarehe, na majina ya mashahidi wawili.