Lipe Sanduku Lako Anwani Kwanza, Waya wa Pili Baadaye

Wazee wa Eldoret bado huuita mji huu Sixty-Four, ama Sisibo kama wengi wanavyotamka. Jina hilo lilitokana na shamba nambari 64, ambapo posta ilifunguliwa mwaka wa 1910. Agosti 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji, lakini ile nambari haijasahaulika. Ndiyo kazi ya anwani: ikae pamoja, anayekutafuta akupate.

Tunaanza hapo kwa sababu mawakala na wenye maduka wengi sasa wananunua sanduku la NAS, lile lenye diski mbili ama nne linalounganishwa na ruta ili kuhifadhi picha za kamera na hesabu za duka. Ni jambo zuri. Ila swali tunalosikia sana ni, "Niweke nyaya mbili ndio iende mbio?" Maoni yetu ni kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza ni anwani.

Tuseme una duka Uganda Road na dirisha la wakala. Mteja anarudi Jumatatu akisema Jumamosi alikupa elfu tano, kwenye simu ikaingia elfu mbili. Rekodi ya muamala tunayo sisi, na inaonyesha elfu mbili. Lakini noti zilizohesabiwa pale kaunta hatukuziona. Ni kamera yako tu iliyoziona. Unafungua sanduku, hakuna picha tangu siku stima ilipopotea.

Nini kilitokea? Ruta ilipowaka tena iligawa anwani upya. Sanduku lilikuwa 192.168.1.120, sasa ni 192.168.1.123, na kamera bado inatuma picha kule kwa zamani. Hakuna kilichoharibika, ila elfu tatu sasa ni neno lako dhidi ya lake.

Dawa yake ni bure. Ingia kwenye ruta uone inagawa anwani zipi kwa zamu, kwa mfano kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200. Lipe sanduku anwani ya kudumu nje ya hizo, tuseme 192.168.1.50, na mahali pa lango uweke anwani ya ruta yenyewe. Hakikisha hakuna kifaa kingine chenye anwani hiyo, maana viwili vikigongana, vyote vitasumbua. Kisha ipange kamera ipeleke picha hapo, na uandike nambari kwenye karatasi uibandike ukutani.

Sasa tuje kwa waya wa pili. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni LACP, ambapo nyaya hufanya kazi pamoja. Hii inataka swichi inayoielewa na iliyopangwa upande wake pia, na swichi nyingi za bei rahisi haziwezi. Ya pili, waya mmoja unafanya kazi na mwingine unangoja wa kwanza ukatike. Hii huenda na swichi yoyote. Kwa njia zote mbili sanduku linabaki na anwani moja.

Na mbio je? Waya wa gigabiti 1 hupitisha kama megabaiti 125 kwa sekunde. Ukiunganisha nyaya mbili, kompyuta moja inayonakili faili moja kwa kawaida bado itapita kwenye waya mmoja. Barabara ikiongezwa leni, boda moja haikimbii zaidi, ila boda nyingi zinapita bila kusukumana. Ofisi ya sacco yenye watu ishirini itaona tofauti. Duka lenye kompyuta mbili na kamera nne halitaona.

Fundi atakwambia waya wa pili ni usalama. Ni kweli, kama panya atatafuna mmoja. Lakini mwizi akibeba sanduku, anaenda nalo lote na nyaya zake. Pesa ya swichi mpya afadhali inunue diski ya nje, unakili hesabu kila Jumamosi na kuiweka nyumbani.

Tena, usikubali sanduku lifunguliwe kwa intaneti ati uone duka ukiwa shambani. Januari 2022 wahalifu wa Deadbolt waliingia kwenye masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi hivyo, wakafunga mafaili na kudai bitcoin 0.03 kwa kila moja. Lako lina majina, nambari za simu na za vitambulisho vya wateja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna data ikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru wenyewe. Na PIN, iwe yako ama ya mteja, haihifadhiwi popote.

Leo kabla ya kufunga duka, zima ruta na uiwashe tena. Ngoja dakika tano, kisha uangalie kama picha mpya zinaingia. Zisipoingia, shukuru umejua leo, sio Jumatatu mteja akiwa amesimama mbele yako.