Mwalimu Mgeni Darasani

Mwalimu mwanafunzi apelekwapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingine mwenyeji wake humkabidhi chaki na darasa, kisha huenda zake akapumzike. Watakaopata hasara ni watoto wetu, maana mwaka wao wa masomo haurudi.

Kumwongoza mwalimu mchanga si jambo geni Kenya. Mwaka 1925 chuo cha Jeanes kilifunguliwa Kabete, na walimu waliofunzwa huko walizungukia shule za vijijini. Kazi yao haikuwa kutafuta makosa tu, bali kumsaidia mwalimu na kumwonyesha kwa vitendo namna ya kufundisha.

Basi, ewe mwalimu mwenyeji, kwanza mwache mgeni wako akutazame ukifundisha. Pili, tengenezeni somo pamoja. Tatu, afundishapo, keti nyuma ya darasa ukiandika. Mwisho, mweleze faraghani, wala si mbele ya watoto, lililo jema na lililopungua. Naye mgeni aulize bila haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone: amfunzaye mwenziwe kazi hujifunza mara ya pili.